Utalii wa Kutazama Ndege: Hazina ya Tanzania Inayomtegemea Mwongoza Watalii

Mwaka 1991, watafiti kutoka Denmark waliokuwa wamepiga kambi katika misitu ya Milima ya Udzungwa waliona jambo lisilo la kawaida ndani ya sufuria ya kitoweo. Miguu ya ndege aliyepikwa humo haikufanana na ya ndege yeyote waliyemfahamu. Uchunguzi uliofuata ulibaini kuwa ndege huyo ni aina ya kwale ambaye hakuwa ameandikwa katika kitabu chochote cha sayansi, na kwamba ndege wanaofanana naye zaidi walikuwa wakipatikana katika misitu ya bara la Asia. Mwaka 1994 kwale huyo alitangazwa rasmi kwa jina la kisayansi la Xenoperdix udzungwensis.

Sayansi haikuwa ikimjua kwale wa Udzungwa, lakini aliyemnasa alimjua. Alijua mahali anapopita, anapochakura majani makavu na namna ya kumpata. Leo wapo wageni wanaovuka bahari, wakafika katika kijiji cha Udekwa wilayani Kilolo, kisha wakapanda mlima kwa miguu na kulala msituni kwa siku kadhaa ili wamwone ndege huyo kwa dakika chache akiwa hai. Ujuzi uleule uliomfikisha kwale sufuriani ndio unaohitajika ili mgeni huyo asirudi kwao mikono mitupu.

Hapo ndipo ulipo msingi wa utalii wa kutazama ndege. Ni utalii unaohitaji vitu viwili kwa wakati mmoja: ndege aliye katika makazi yake ya asili, na mtu anayejua mahali alipo. Kikikosekana kimoja, cha pili hakina thamani ya kiutalii. Makala hii inaeleza utalii huo ni wa namna gani, Tanzania ina nini cha kuonyesha, kazi ya mwongoza watalii ni ipi, na mambo gani yanaweza kuipoteza hazina hiyo.

Utalii wa kutazama ndege ni nini

Utalii wa kutazama ndege ni safari ambayo lengo lake kuu ni kuona, kusikia, kutambua na kuorodhesha ndege katika mazingira yao ya asili. Hautofautiani sana na safari za kutazama wanyamapori kwa vifaa, kwa kuwa mtalii hubeba darubini, kamera na kitabu cha kutambulia ndege. Tofauti yake iko katika mwenendo wa safari yenyewe.

Mtalii wa ndege huamka mapema. Saa kumi na mbili asubuhi, jua linapochomoza, ndiyo saa ambayo ndege wengi huimba na kutafuta chakula, na anayefika msituni saa nne huwa amekwisha kukosa sehemu kubwa ya alichokifuata. Watalii hawa husafiri katika makundi madogo, hutembea taratibu, na huweza kusimama mahali pamoja kwa saa nzima wakimsubiri ndege mmoja. Wengi wao huweka orodha ya kila spishi waliyoiona maishani, na ndege asiyepatikana kwingineko duniani huwa sababu tosha ya kufunga safari ndefu.

Kutokana na tabia hiyo, mtalii wa ndege hufika mahali ambapo mtalii wa kawaida hafiki. Anayetaka kuona simba ataelekea Serengeti au Ngorongoro. Anayetaka kumwona chozi wa Loveridge hana budi kupanda Milima ya Uluguru, kwa sababu ndege huyo mdogo anyonyaye maji ya maua hapatikani penginepo. Fedha ya malazi, chakula, usafiri na ya mwongozaji hubaki katika vijiji ambavyo kwa kawaida haviko katika ramani ya utalii.

Chimbuko la shughuli hii ni juhudi za kuwalinda ndege dhidi ya kuuawa. Nchini Uingereza, mwaka 1889, wanawake waliochukizwa na biashara ya manyoya ya kupambia kofia walianzisha chama ambacho leo kinajulikana kama Royal Society for the Protection of Birds. Nchini Marekani, mwaka 1900, mtaalamu wa ndege Frank Chapman alipendekeza kwamba siku ya Krismasi, ambayo baadhi ya watu waliitumia kushindana kuwinda ndege, itumike kuwahesabu. Watu 27 walijitokeza mwaka huo wa kwanza, na sensa hiyo inaendelea hadi leo. Utafiti wa serikali ya Marekani kuhusu mwaka 2022 ulikadiria kuwa watu wapatao milioni 96 nchini humo hutazama ndege, wengi wao wakiwa nyumbani au karibu na nyumbani. Sehemu ndogo tu ya watu hao husafiri nje ya nchi kwa ajili ya ndege, lakini sehemu ndogo ya idadi hiyo bado ni umati mkubwa.

Hazina iliyopo nchini

Tanzania ina zaidi ya spishi 1,100 za ndege na ni miongoni mwa nchi zenye utajiri mkubwa wa ndege barani Afrika. Sababu yake ni wingi wa mazingira: fukwe na mikoko ya Bahari ya Hindi, misitu ya milima, nyanda za nyasi, miombo, mabwawa, mabonde ya mito, maziwa ya maji baridi na maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa.

Eneo linalovuta zaidi wataalamu wa ndege ni Milima ya Tao la Mashariki. Safu hiyo ina vitalu 13 vya milima, na 12 kati yake viko Tanzania, ukiwamo Upare, Usambara, Nguru, Uluguru, Rubeho na Udzungwa. Kitalu kimoja, Taita, kiko Kenya. Misitu ya milima hiyo imekuwa kama visiwa vilivyotenganishwa na nyanda kavu kwa muda mrefu sana, hivyo viumbe vyake vimebadilika kila kimoja kivyake. Ndiyo maana mnana wa Usambara na kwale wa Udzungwa wana maeneo madogo mno ya kuishi, na ndiyo maana baadhi ya ndege wa Usambara Magharibi hawaonekani hata Usambara Mashariki, ingawa milima hiyo miwili inatazamana.

Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, iliyoko Usambara Mashariki katika Wilaya ya Muheza, ilitangazwa mwaka 1997 na ni ya kwanza ya aina yake nchini. Bustani ya mimea ya Amani ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902, na barabara zinazoizunguka ni miongoni mwa mahali bora pa kuwatafuta ndege wa msitu. Hifadhi za mazingira asilia, Amani ikiwamo, zinasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS).

Katika Bonde la Kilombero, karibu na Ifakara, yupo mnana wa Kilombero, ndege wa manjano anayejenga kiota katika mafunjo na matete ya kando ya mto. Alitambuliwa na sayansi katika miaka ya 1980 na kutangazwa rasmi mwaka 1990. Mwaka 2021 wanasayansi waliongeza katika orodha ya bonde hilo spishi nyingine mbili za ndege wadogo wa nyasi ambazo hazikuwa na jina. Bonde hilo liliingizwa mwaka 2002 katika orodha ya Ardhioevu zenye Umuhimu wa Kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar.

Kisiwa cha Pemba kina spishi nne zisizopatikana kwingineko duniani: ninga wa Pemba, chozi wa Pemba, kinengenenge wa Pemba na bundi mdogo wa Pemba. Msitu wa Ngezi, kaskazini-magharibi mwa kisiwa, ni mahali maarufu pa kuwaona, na bundi huyo husikika zaidi usiku unapoingia.

Hifadhi za kaskazini nazo zina wake. Katika nyanda za Serengeti na Tarangire wapo cherero wa Fischer na cherero wa shingo ya manjano, kasuku wadogo wenye rangi za kupendeza, pamoja na ndege wengine ambao makao yao makuu duniani ni Tanzania. Mtalii aliyekuja kwa ajili ya tembo anaweza kuonyeshwa ndege hao njiani bila kuongeza siku hata moja, mradi dereva wake anawajua.

Kati ya Novemba na Aprili huongezeka ndege wahamao. Mbayuwayu na korongo weupe huja kutoka Ulaya wakikimbia baridi. Kozi wa Amur, ndege mdogo wa jamii ya mwewe, hutoka mashariki mwa Asia na kuvuka Bahari ya Hindi kabla ya kupita katika anga ya Afrika Mashariki kuelekea kusini.

Ziwa Natron, mahali pasipo na mbadala

Miongoni mwa maeneo yote hayo, Ziwa Natron lina nafasi ya pekee. Ziwa hilo la magadi, lililoko kaskazini mwa nchi chini ya mlima wa volkano wa Oldoinyo Lengai, ndilo mazalia makuu ya heroe wadogo, ambao wengi huwaita flamingo. Inakadiriwa kuwa takriban robo tatu ya heroe wadogo wote duniani huzaliwa hapo.

Sababu ni ukali wa maji yenyewe. Heroe hujenga viota vya matope juu ya tabaka la magadi katikati ya ziwa, mahali ambapo fisi na mbweha hawawezi kufika, na kila jozi hutaga yai moja. Chakula chao ni vijimea vidogo vya maji ya magadi, na ndivyo vinavyowapa rangi ya waridi. Baada ya kuzaliana, makundi hutawanyika kwenda Ziwa Manyara na maziwa ya Kenya kama Bogoria na Nakuru. Mtu anayewatazama heroe Nakuru kwa kiasi kikubwa anawatazama ndege waliozaliwa Tanzania.

Mazingira hayo yana mizani nyeti. Maji yakizidi, viota hufunikwa. Maji yakipungua sana, maadui hufika kwa miguu. Sehemu ya maji ya ziwa hilo hutoka Kenya kupitia Mto Ewaso Ng'iro wa Kusini, hivyo hali ya misitu ya nchi jirani nayo huamua hatima ya mazalia. Bonde la Ziwa Natron liliingizwa katika orodha ya Ramsar mwaka 2001. Pendekezo la kujenga kiwanda cha magadi, lililojadiliwa mwaka 2006 na 2007, liliibua mjadala mpana ndani na nje ya nchi kuhusu namna ya kupima faida ya madini dhidi ya mazalia ambayo hayana mbadala.

Kazi ya mwongoza watalii

Katika msitu mnene, ndege wengi husikika kabla hawajaonekana, na wengine hawaonekani kabisa. Kwa hiyo kifaa cha kwanza cha mwongoza watalii wa ndege ni sikio. Mwongozaji mahiri huzitambua sauti za mamia ya spishi: wimbo wa dume anayelinda eneo lake, mlio wa tahadhari nyoka anapopita, na mlio wa kundi la ndege wa aina mbalimbali wanaotafuta wadudu pamoja. Anajua mtini upi umeanza kuiva, na kwa hiyo hondohondo na ninga watakuwa wapi asubuhi inayofuata.

Ujuzi huo haupatikani kwa siku moja, na sehemu yake kubwa haimo vitabuni. Kijana aliyekulia kando ya msitu huwa na mwanzo mzuri kuliko mgeni mwenye shahada. Mfano wa kale wa ushirikiano wa mtu na ndege uko kwa Wahadzabe wa eneo la Ziwa Eyasi, ambao hupiga mluzi kumwita mlembe, naye huwaongoza hadi kwenye mzinga wa nyuki wa porini. Wao huchukua asali, naye hupata nta na majana. Mzee wa Kihadzabe anayeelewa mlio wa mlembe ana elimu ambayo mtalii yuko tayari kuilipia.

Hata hivyo, ujuzi wa asili unahitaji kukamilishwa. Mwongozaji analazimika kumjua ndege kwa jina la kimataifa ili aelewane na mgeni, kumudu lugha ya kigeni, kujua huduma ya kwanza, kutunza muda na kufahamu kanuni za hifadhi. Azimio la Arusha kuhusu uhifadhi wa wanyamapori, lililotolewa na Mwalimu Julius Nyerere mwezi Septemba 1961, lilitamka mapema kwamba uhifadhi unahitaji utaalamu, watu waliofunzwa na fedha. Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori Afrika, Mweka, kilichoko mkoani Kilimanjaro, kilianzishwa mwaka 1963. Vyuo vingine vinavyotoa mafunzo yanayohusiana na fani hii ni pamoja na Chuo cha Taifa cha Utalii na Kituo cha Mafunzo ya Uhifadhi kwa Jamii cha Likuyu Sekamaganga, wilayani Namtumbo.

Kwa upande wa sheria, Sheria ya Utalii ya mwaka 2008 inasimamia leseni za shughuli za utalii, ikiwamo kuongoza watalii. Mwananchi anayekusudia kuifanya kazi hiyo kwa malipo anapaswa kufuata utaratibu wa leseni, na anapoingia katika eneo la hifadhi anawajibika pia kwa masharti ya mamlaka inayolisimamia. Hifadhi za Taifa ziko chini ya TANAPA, Ngorongoro iko chini ya Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro, mapori ya akiba yako chini ya TAWA, na hifadhi za mazingira asilia ziko chini ya TFS. Zanzibar ina taasisi na taratibu zake.

Vifaa vya kujifunzia vimekuwa rahisi kupatikana kuliko zamani. Kitabu cha ndege wa Afrika Mashariki cha Terry Stevenson na John Fanshawe, kilichotoka mwaka 2002, bado kinatumiwa sana na waongozaji. Programu za simu kama eBird na Merlin, zinazotolewa bila malipo na kituo cha utafiti wa ndege cha Chuo Kikuu cha Cornell, humwezesha mtumiaji kuhifadhi orodha zake na kujifunza kutambua ndege. Orodha hizo huwasaidia pia wanasayansi kujua ni wapi ndege wanaongezeka na ni wapi wanatoweka.

Funzo la Mabamba

Nchi jirani ya Uganda inatoa mfano wa namna mwongozaji anavyoweza kubadili hatima ya ndege. Katika kinamasi cha Mabamba, kando ya Ziwa Viktoria si mbali na Entebbe, huishi korongo nyangumi, ndege mkubwa wa kijivu mwenye mdomo mpana unaofanana na kiatu cha mbao. Chakula chake akipendacho ni kambare mamba, samaki ambaye wavuvi nao humtafuta. Wavuvi wa Mabamba waliamini kuwa kumwona ndege huyo ni mkosi unaoharibu uvuvi wa siku nzima, na baadhi yao walimuua kila walipokutana naye.

Watalii walipoanza kufika, waliohitajika ni watu wenye mitumbwi na wanaojua njia za majini katikati ya mafunjo, na hao walikuwa wavuvi walewale. Wenyeji walijiunga katika kikundi, wakapata mafunzo ya kuongoza watalii, na ndege aliyekuwa mkosi akawa riziki. Mwaka 2006 Mabamba iliingizwa katika orodha ya Ramsar.

Mfano huo unaigusa Tanzania moja kwa moja, kwa sababu korongo nyangumi yupo pia katika ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi, magharibi mwa nchi, ambayo iliingizwa katika orodha ya Ramsar mwaka 2000. Tofauti ni kwamba Mabamba iko karibu na uwanja wa ndege wa kimataifa, ilhali Malagarasi iko mbali na si rahisi kuifikia.

Mambo yanayoweza kuipoteza hazina

Tishio kubwa zaidi kwa ndege wa misitu ni kupotea kwa msitu wenyewe. Ndege wa nyanda anaweza kuhamia bonde jingine, lakini ndege wa kilele kimoja cha mlima hana pa kwenda. Kila ekari inayofyekwa kwa ajili ya mkaa, mbao au shamba hupunguza nyumba yake, na moto unaoanzishwa kiangazi kusafisha shamba unaweza kuvuka mpaka wa hifadhi katika saa chache. Msitu huohuo ndio chanzo cha mito inayotoa maji ya kunywa, kilimo na umeme kwa miji iliyo mbali na mlima.

Tishio la pili ni biashara ya ndege hai. Katika miaka ya 1980, cherero wa Fischer walikamatwa kwa maelfu na kusafirishwa nje kama ndege wa vizimbani, na idadi yao porini ikapungua. Ndege anayeuzwa hulipwa mara moja, na aliyebaki kwenye tawi anaweza kuonyeshwa kwa wageni wengi katika uhai wake na kuacha vifaranga. Kukamata, kumiliki au kusafirisha wanyamapori bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009.

Tishio la tatu ni sumu. Mfugaji aliyepoteza ng'ombe kwa simba anapoutia sumu mzoga, huwaua pia tai wanaoushukia kwa makumi. Spishi kadhaa za tai wala mizoga barani Afrika, akiwamo tai mgongo-mweupe, sasa zimo katika kundi la viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Tai hao ndio wanaosafisha mizoga porini.

Tishio la nne hutoka ndani ya utalii wenyewe. Baadhi ya watalii na waongozaji hucheza sauti ya ndege iliyorekodiwa ili ajitokeze. Ndege hudhani kuna mpinzani katika eneo lake, huacha kulisha vifaranga na kutumia nguvu kumtafuta adui asiyekuwapo. Likirudiwa kila siku mahali pamoja, jambo hilo linaweza kumfanya aliache eneo. Mwongozaji mwadilifu hutumia sauti hizo kwa nadra au haitumii kabisa, hasa kwa ndege adimu. Hasogei karibu na kiota, hakati matawi ili mgeni apige picha, na hasemi hadharani mahali kiota cha ndege adimu kilipo. Mgeni akimshinikiza avunje kanuni hizo kwa ahadi ya bahashishi, anakumbuka kuwa kesho atahitaji kumwonyesha ndege yuleyule mgeni mwingine.

Majira yanayofaa

Watalii wanaotaka orodha ndefu huchagua Novemba hadi Aprili, wakati ndege wahamao wapo na minana wengi wamevaa rangi zao za msimu wa kuzaliana. Mvua za masika, kuanzia Machi hadi Mei, hufanya baadhi ya barabara za milimani na mabondeni zisipitike kwa urahisi. Katika misitu ya milima ya mashariki, miezi ya Septemba hadi Desemba ni mizuri kwa kuwa ndege wengi huimba zaidi wakielekea kuzaliana. Kiangazi, Juni hadi Oktoba, hurahisisha usafiri na kuwakusanya ndege na wanyama penye maji. Heroe wa Natron hawana tarehe maalumu: huzaliana pale hali ya maji inaporuhusu, na kuna miaka ambayo hawazaliani kabisa.

Nafasi ya mwananchi

Kutazama ndege si shughuli ya wageni pekee. Mwanafunzi hahitaji gari wala nauli ili aanze. Uwanja wa shule wenye miti michache unaweza kuwa na spishi kadhaa, na daftari linatosha kuandika tarehe, saa, mahali na alichokiona. Siku ya Ndege Wahamao Duniani, inayoadhimishwa Jumamosi ya pili ya mwezi Mei na ya Oktoba, ni nafasi nzuri kwa shule na vikundi vya mazingira kuhesabu ndege wa eneo lao.

Kwa vijiji vilivyo jirani na hifadhi, hatua ya kwanza ni kuwatambua wakazi wenye ujuzi: walina asali, waganga wa miti, wavuvi, na hata waliowahi kuwa wategaji. Kupitia Jumuiya za Hifadhi za Wanyamapori, kamati za maliasili za vijiji na ofisi za hifadhi husika, watu hao wanaweza kuunganishwa na mafunzo pamoja na kampuni zinazoleta wageni. Kikundi chenye waongozaji wachache wanaoaminika, ratiba inayoheshimiwa na hesabu zilizo wazi kuhusu mgawanyo wa mapato hudumu kuliko kikundi kikubwa kisicho na utaratibu.

Mapato ya utalii wa ndege katika kijiji kimoja hayawezi kulingana na ya hifadhi kubwa za kaskazini, na kijiji kinachoanza kinapaswa kulijua hilo. Wageni ni wachache, huja kwa misimu, na huhitaji huduma ya uhakika. Lakini ni watu wanaokuja kwa sababu ya kitu kimoja ambacho hakiwezi kuhamishwa wala kuigwa kwingine. Kwale wa Udzungwa hawezi kuonyeshwa mahali ambapo msitu wake haupo. Kwa wakazi wa Udekwa na vijiji vingine vinavyopakana na misitu ya aina hiyo, kila mti unaobaki umesimama mlimani ni sehemu ya mtaji ambao mwongozaji ataenda nao kazini asubuhi.